Harakati za Kupinga Utoaji Mimba Marekani Zilianza Wapi?

Swali: Msomaji wa Morogoro, anayesoma historia chuoni, ameandika: "Mhadhiri wetu alisema kwamba harakati za kupinga kuhalalishwa kwa utoaji mimba nchini Marekani zilibuniwa na wanasiasa wa mrengo wa kulia mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wapate kura za Wakristo. Kanisani nimekuwa nikisikia kwamba zilianzishwa na waumini wa kawaida. Ipi ni kweli, na hao watu wa kawaida walifanya nini hasa?"

Jibu: Ndugu msomaji, kauli ya mhadhiri wako ina ukweli ndani yake, ila inaanzia katikati ya safari. Wanasiasa wa chama cha Republican walipoanza kulishika suala hili kwa dhati, kuelekea uchaguzi wa mwaka 1980, walizikuta harakati zikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, zikiwa na ofisi, majarida, orodha za wanachama na uzoefu mchungu wa kushinda na kushindwa katika mabunge ya majimbo. Tena wengi wa waliozijenga walikuwa wapiga kura wa chama cha Democratic, Wakatoliki wa tabaka la wafanyakazi, watoto na wajukuu wa wahamiaji, ambao kwao serikali inayowasaidia maskini na sheria inayomlinda mtoto aliye tumboni yalikuwa mambo ya dhamiri moja. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mtu akiiruka miaka hiyo ya mwanzo hawezi kuelewa ni kwa nini hukumu ya Mahakama ya Juu iliyohalalisha utoaji mimba nchini kote, na iliyodumu karibu nusu karne, iliishia kutenguliwa mwaka 2022.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo ya Marekani yalikuwa yamekwisha kupiga marufuku utoaji mimba, kwa kawaida isipokuwa pale uhai wa mama ulipokuwa hatarini. Marufuku hiyo ilitokana zaidi na kampeni ya madaktari iliyoanza katikati ya karne ya 19 kuliko shinikizo la umma au la makanisa, na kwa miongo mingi mwananchi aliyeiunga mkono hakuwa na sababu ya kuandamana, kwa kuwa sheria ilikuwa upande wake. Hali ilianza kugeuka mwaka 1962, pale taasisi ya wanasheria iitwayo American Law Institute ilipopendekeza kwamba daktari aruhusiwe kutoa mimba ikiwa afya ya mama iko katika hatari kubwa, ikiwa mtoto anatarajiwa kuzaliwa na ulemavu mkubwa, au ikiwa mimba imetokana na ubakaji au na uhusiano wa maharimu. Colorado ilikuwa ya kwanza kuufuata mwelekeo huo mwaka 1967, na North Carolina na California zikafuata mwaka huohuo. Gavana aliyetia saini sheria ya California alikuwa Ronald Reagan. Naomba ulishike jina hilo, maana nitalirudia.

Waliotangulia kupinga walikuwa maaskofu, mapadre, na wanasheria na madaktari Wakatoliki. Baraza la Maaskofu lilimkabidhi kazi hiyo Padre James McHugh, na kutokana na juhudi zake ikazaliwa kamati ya kitaifa iitwayo National Right to Life Committee, ambayo mwanzoni ilikuwa mtandao mdogo tu wa kupashana habari. Lakini waraka wa askofu unaosomwa Jumapili ulikuwa na udhaifu mkubwa kisiasa, kwani mbunge asiye Mkatoliki aliweza kuuweka kando kwa kusema kwamba hilo ni fundisho la Kanisa lao na halimhusu yeye. Walei, yaani waumini wa kawaida wasio makasisi, waliliona hilo mapema. Walianza kujipanga kwa majina yao wenyewe, wakitumia hoja za haki za binadamu na za elimu ya viumbe badala ya hoja za katekisimu. Mmoja wao alikuwa Edward Golden, msimamizi wa ujenzi kutoka mji wa Troy, jimboni New York, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kamati hiyo ya kitaifa.

New York ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 9 Aprili 1970, katika bunge la jimbo mjini Albany, muswada wa kuruhusu utoaji mimba hadi wiki ya 24 ulikuwa umekwama kwa kura 74 dhidi ya 74, ilhali ulihitaji 76 ili upite. Kabla matokeo hayajatangazwa, mbunge George Michaels wa chama cha Democratic, aliyewakilisha eneo la Auburn lenye Wakatoliki wengi, alisimama huku akitetemeka, akasema anajua kwamba anaukatisha uhai wake wa kisiasa, kisha akaigeuza kura yake ya hapana kuwa ndiyo. Spika akaongeza kura yake, na muswada ukapita kwa idadi ya chini kabisa iliyotakiwa. Miezi michache baadaye Michaels alianguka katika kura za mchujo za chama chake mwenyewe. Waliounga mkono muswada walimwona shujaa, na hadi leo wanamtaja hivyo. Wapinzani wao waliondoka na hesabu waliyoitumia kwa miaka 50 iliyofuata: sheria kubwa inaweza kusimama au kuanguka kwa kura moja, na wapiga kura wachache wa wilaya moja, wakiwa na msimamo usioyumba, wanaweza kumng'oa mwenye kura hiyo.

Hesabu hiyo ilifanyiwa kazi na watu ambao hakuna aliyetarajia. Katika kitongoji cha Merrick, kisiwani Long Island, kikundi cha wanawake, wengi wao mama wa nyumbani, kilichokuwa kikikutana majumbani kwa majadiliano ya kawaida kiligeuka kuwa kiini cha chama cha siasa cha jimbo, Right to Life Party. Mmoja wao, Ellen McCormack, aligombea uteuzi wa urais kwa tiketi ya chama cha Democratic mwaka 1976. Ili mgombea apate fedha za serikali za kampeni, sheria ilimtaka akusanye angalau dola 5,000 katika kila moja ya majimbo 20, tena kwa michango ambayo haikuhesabiwa zaidi ya dola 250 kwa mtu mmoja. Mama huyo, ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa umma, alilitimiza sharti hilo, akazitumia fedha hizo kulipia matangazo ya televisheni dhidi ya utoaji mimba, na akafika kwenye mkutano mkuu wa chama akiwa na wajumbe 22. Mwaka 1978 mgombea ugavana wa chama chao, Mary Jane Tobin, alipata takriban kura 130,000, na hivyo chama kikajihakikishia nafasi katika karatasi za kura za jimbo. Miaka miwili baadaye Alfonse D'Amato wa Republican alishinda kiti cha Seneti kwa tofauti ya kura kama 80,000, huku zaidi ya kura 150,000 alizopata zikitoka kwenye safu ya chama cha akina mama hao, kwa kuwa New York mgombea mmoja anaweza kusimamishwa na vyama viwili na kura zake zikajumlishwa. Ndugu msomaji, hapo jiulize ni nani aliyekuwa akimhitaji mwenzake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1972, baada ya miaka miwili ya barua, mikutano ya parokiani, maandamano jijini New York na safari za mabasi kwenda Albany, bunge la New York lilipiga kura ya kuifuta sheria ya 1970, na ni kura ya turufu ya gavana Nelson Rockefeller tu iliyoiokoa. Rockefeller alikuwa wa Republican. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Michigan waliikataa kwa asilimia kama 61 kura ya maoni ya kuhalalisha utoaji mimba, na wale wa North Dakota wakaikataa kwa asilimia kama 77. North Dakota ni jimbo lenye Walutheri wengi, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuelezwa kwa nguvu ya maaskofu peke yake. Jirani yake, Minnesota, ilikuwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1968 ambamo Mmethodisti, Marjory Mecklenburg, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu. Yeye na mumewe, aliyekuwa daktari wa wanawake, waliamini kwamba haitoshi kumkataza mwanamke kutoa mimba bila kumpatia elimu, huduma za afya, uzazi wa mpango na msaada wa kumlea mtoto. Suala la uzazi wa mpango liliwagombanisha na Wakatoliki wengi waliokuwa nao kambi moja, na nadhani mgogoro huo haujapewa uzito unaostahili katika vitabu vingi, kwa sababu ulionyesha kwamba ndani ya harakati kulikuwa na watu waliotaka kuzipeleka upande tofauti kabisa na ule zilikoishia.

Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade, kwa majaji saba dhidi ya wawili, na kwa siku moja sheria za karibu majimbo yote zikapoteza nguvu. Watu waliokuwa wametoka kushinda Michigan na North Dakota miezi miwili tu iliyopita waliambiwa kwamba suala halimo tena mikononi mwa wapiga kura. Uchungu huo uliwakusanya kuliko kitu chochote kilichotangulia. Mwaka huohuo kamati ya kitaifa ilijitenga rasmi na Baraza la Maaskofu na kuwa chombo huru cha vyama vya majimbo. Kati ya mwaka 1975 na 1978 iliongozwa na Dk. Mildred Jefferson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Texas na mwanamke wa kwanza mweusi kuhitimu shule ya udaktari ya Harvard, mwaka 1951. Alikuwa msemaji mwenye kipaji cha pekee. Baada ya kumtazama katika mdahalo wa televisheni, Reagan, yuleyule aliyetia saini sheria ya California, alimwandikia barua kumweleza kwamba hoja zake zimembadilisha mtazamo. Kwa kiongozi huyu, ambaye jina lake hutajwa zaidi kuliko yote katika maelezo kama ya mhadhiri wako, mwanaharakati ndiye aliyemshawishi mwanasiasa.

Nellie Gray, mwanasheria aliyekuwa ameajiriwa katika wizara ya kazi, aliwakaribisha watu wachache nyumbani kwake jijini Washington mwishoni mwa mwaka 1973 ili wapange namna ya kuadhimisha mwaka mmoja wa hukumu. Wazo lilikuwa kuandamana mara moja tu. Maelfu walifika Januari 1974, wengi kwa mabasi ya kukodi yaliyosafiri usiku kucha kutoka parokia za mbali, na wajumbe wa bunge wakapelekewa mawaridi mekundu. Maandamano hayo, March for Life, yamekuwa yakifanyika kila Januari tangu wakati huo, na Gray aliyasimamia hadi alipofariki mwaka 2012. Lengo lake lilikuwa marekebisho ya katiba ambayo yangemlinda mtoto tangu kutungwa mimba bila kuruhusu utoaji mimba katika hali yoyote ile, na msimamo huo uliwagawa wenzake, kwani wengine walitaka tu majimbo yarudishiwe madaraka ya kuamua. Pendekezo la aina hiyo ya pili lilipofikishwa mbele ya Seneti mwaka 1983 lilipata kura 49, wakati zilihitajika 67. Njia ya marekebisho ya katiba ikawa imefungwa.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo mhadhiri wako yuko sahihi. Wakristo wa kiinjili, ambao leo ndio uso wa harakati hizi, hawakuwa mstari wa mbele mwanzoni. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio la kuunga mkono sheria inayoruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama, na ni kufikia mwaka 1980 tu ndipo dhehebu hilo lilipogeuka waziwazi. Mchungaji Jerry Falwell aliunda Moral Majority, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina, mwaka 1979, na wanamikakati wa Republican walifanya kazi kubwa ya kuunganisha suala la mimba na masuala mengine, kama kodi na hadhi ya shule za Kikristo, ili kutengeneza kambi moja ya wapiga kura. Kwa hiyo ni kweli kwamba muungano wa Wainjili na Republican ulisukwa kwa makusudi. Lakini harakati zilikuwepo kabla ya muungano huo, na muungano uliwatupa nje baadhi ya waasisi. Gavana Robert Casey wa Pennsylvania, Mkatoliki wa Democratic aliyetetea matumizi ya serikali kwa ajili ya akina mama na watoto, ndiye ambaye jina lake limo katika hukumu ya mwaka 1992 iliyodumisha msingi wa Roe huku ikiyaruhusu majimbo kuweka vikwazo zaidi. Mwaka huohuo hakupewa nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu wa chama chake.

Wakati hayo yakiendelea, kazi iliyowashughulisha watu wengi zaidi haikuwa ya bungeni. Mwaka 1968 Louise Summerhill alianzisha mjini Toronto, Kanada, kituo cha Birthright cha kumpokea mjamzito aliyekwama na kumtafutia nguo za mtoto, malazi na mtu wa kuzungumza naye, na mfano huo ukaenea haraka Marekani hadi vituo vya namna hiyo vikawa vingi kuliko kliniki za kutoa mimba. Wanawake waliosaidiwa humo ni wengi, na ni haki kulisema. Ni haki pia kusema kwamba baadhi ya vituo vimelaumiwa, kwa ushahidi, kwa kutoa taarifa za kitabibu zisizo sahihi na kwa kutomweleza wazi mwanamke anapoingia kwamba huduma aliyoifuata haipatikani hapo.

Kulikuwa pia na wale waliokata tamaa na sheria. Katikati ya miaka ya 1970 vijana Wakatoliki waliokuwa wamepinga vita vya Vietnam, akiwemo John O'Keefe, walianza kuketi milangoni mwa kliniki kwa mfano wa Gandhi na Martin Luther King, wakikubali kukamatwa bila kupigana. Mwaka 1986 Randall Terry wa Binghamton, New York, aliikuza mbinu hiyo na kuiita Operation Rescue, safari hii askari wake wengi wakiwa Wainjili. Mjini Atlanta mwaka 1988 waliokamatwa walikataa kutaja majina yao, kila mmoja akijitambulisha kwa jina la mtoto asiyejulikana, na mamia wakakaa rumande kwa majuma. Kilele kilikuwa Wichita, Kansas, majira ya joto ya mwaka 1991, pale vizuizi vilivyopangwa kuchukua wiki moja vilipoendelea kwa majuma sita na polisi wakakamata watu zaidi ya mara 2,600. Mwanamke aliyefika kliniki asubuhi alikuta miili ya watu imelala mbele ya lango, wengine wakiimba tenzi, wengine wakimpigia kelele, na hofu aliyoipata haiwezi kufutwa kwa kusema kwamba waliolala hawakuwa na silaha.

Kisha damu ikamwagika. Daktari David Gunn aliuawa kwa risasi Pensacola, Florida, Machi 1993. Mwaka 1994 waliuawa daktari John Britton na msindikizaji wake katika mji huohuo, na wafanyakazi wawili wa mapokezi katika kliniki mbili za Brookline, Massachusetts. Daktari Barnett Slepian aliuawa jikoni kwake mwaka 1998, na George Tiller, daktari wa Wichita, akauawa ndani ya kanisa lake Mei 2009, Jumapili, akiwa mkaribishaji waumini. Vyama vikubwa vya harakati vililaani mauaji hayo, na wauaji walikuwa wachache. Hata hivyo, ni wajibu wa mwanahistoria kuyaandika katika hadithi hiihii na si katika tanbihi, kwa sababu lugha iliyotumika milangoni mwa kliniki dhidi ya madaktari kwa majina yao iliwatangulia wauaji. Sheria ya mwaka 1994 iliyofanya kuzuia milango ya kliniki kuwa kosa la jinai la shirikisho ilizimaliza nguvu za Operation Rescue.

Waliobaki walirudi kwenye hesabu ya Albany. Mwaka 1976, Kongresi ilikuwa imepitisha kifungu cha mbunge Henry Hyde cha kuzuia fedha za shirikisho kulipia utoaji mimba, na mafanikio hayo yalikuwa yameonyesha kwamba hatua ndogo hupita pale ambapo kubwa hukwama. Majimbo yakazidi kupitisha masharti ya ridhaa ya mzazi, muda wa kusubiri na ukomo wa wiki, huku vyama vya wilaya vikihakikisha kwamba kila mbunge anajua nani anamhesabia kura. Mwaka 2004 kikundi cha Bryan na College Station, Texas, kilianzisha mkesha wa sala wa siku 40 mbele ya kliniki, ambao umeigwa katika nchi nyingi. Mwaka 2019 baraza la mji mdogo wa Waskom, Texas, lilijitangaza kuwa mji usioruhusu utoaji mimba. Mississippi nayo mwaka 2018 ilipitisha sheria ya wiki 15 ili ipingwe mahakamani, na kesi hiyo ndiyo iliyofika mbele ya Mahakama ya Juu yenye majaji watatu walioteuliwa na Donald Trump. Tarehe 24 Juni 2022 majaji sita waliikubali sheria ya Mississippi, na watano kati yao wakaifuta Roe kabisa.

Takriban majuma sita baadaye, tarehe 2 Agosti 2022, wapiga kura wa Kansas, jimbo la Wichita na la majuma yale sita ya mwaka 1991, walikataa kwa asilimia 59 marekebisho ya katiba ambayo yangeondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba katika jimbo lao. Ohio ikapitisha ulinzi wa haki hiyo mwaka uliofuata. Harakati zilizolalamika kwa miaka 49 kwamba mahakama imewanyang'anya wananchi uamuzi zilikutana na wananchi, na katika majimbo kadhaa ya kihafidhina zikashindwa.

Umeuliza kuhusu Marekani, lakini kuna nyuzi mbili zinazotufikia huku. Ya kwanza ni sera iliyotangazwa na serikali ya Rais Reagan huko Mexico City mwaka 1984, iliyonyima fedha za uzazi wa mpango mashirika ya nje yanayotoa au kutetea utoaji mimba, hata kwa fedha zao wenyewe. Imekuwa ikifutwa na marais wa Democratic na kurejeshwa na wa Republican, na iliporejeshwa mwaka 2001 chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa masharti yake na kulazimika kufunga baadhi ya kliniki. Ya pili ni katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Makanisa yalifanikiwa kuingiza katika kifungu cha 26 kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, lakini kifungu hichohicho kikaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona kwamba uhai au afya ya mama iko hatarini, na ingawa viongozi wa makanisa waliwahimiza waumini kupiga kura ya hapana, katiba ilipita kwa asilimia kama 67. Kwa upande wa makanisa, kampeni hiyo iliongozwa zaidi na maaskofu na mabaraza ya makanisa, wala haikujulikana kwa vyama huru vya mitaa kama kile cha akina mama wa Merrick. Kama unatafuta mada ya tasnifu yako, ningekushauri uichunguze tofauti hiyo, na uanze kwa kuwahoji walei wa Kenya walioshiriki kampeni ya 2010 wakati bado wanakumbuka.